Mnunuzi wa Chombo

Semboja aliponiambia anauza gari, nilimwambia bora aniuze mimi. Nilisema kwa hasira tu, jamani. Nilijuaje kwamba siku hiyo hiyo mtu atakuja na tarbushi lake kichwani, akae barazani kwetu, aulize kama natunzwa vizuri? Hee! Ngojeni niwaeleze taratibu, maana nikianzia mwisho nitacheka nishindwe kusema.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Handeni linachoma mpaka kuku wamelala chini ya ghala. Mimi nilikuwa nachambua mchicha jikoni na mama. Cheti changu cha ualimu, nilichokipata bwenini kwa Wazungu wa misheni, kimo sandukuni, na mimi mwenyewe ni mchicha tu, mchicha na mawazo. Baba alikuwa barazani na miwani yake anatayarisha mahubiri. Baba yangu ni Mwalimu Habakuki, mwalimu wa dini, na watu wanamwogopa kuliko Bwana Shauri wa wilaya.

Mara tukasikia mlio. Haukuwa ule mlio tuliouzoea, bali ni kama birika linalochemka na kikohozi cha mzee vimechanganyika. Nikaacha mchicha, nikakimbilia dirishani. Nyigu limesimama mbele ya nyumba yetu kabisa, linatoa mvuke puani, na Semboja ameruka chini, shati limelowa, anakunja uso.

Moyo wangu ukafanya vile unavyofanya.

Labda hamkuwahi kuliona Nyigu. Lilikuwa gari dogo la mashindano, la viti viwili, halina paa, limelala chini kama mjusi. Mzungu mmoja meneja wa mkonge kule Korogwe alikuja nalo kutoka kwao, akalitumbukiza korongoni, akasema basi, akaondoka nchini. Semboja wangu, kijana wa Dindira, fundi wa pale shambani, akaliomba mabaki. Akalivuta kwa ng'ombe! Injini ya mwanzo akaitoa, akatia kubwa kuliko ile, iliyotoka kwenye lori lililokufa. Boneti likagoma kufunga. Akalitoboa tundu, akafunika tundu kwa kibanda cha bati. Kabureta akaweka mbili. Springi akaziinua ili tumbo lisikwanguliwe na mawe ya barabara yetu. Mabomba ya moshi mawili, yametoka ubavuni kama pembe. Kisha akalipaka rangi ya njano na mistari myeusi, watu wakaliita Nyigu, na likiwa linakuja kutoka Korogwe wachunga mbuzi wanalisikia kabla hawajaliona vumbi.

Na hilo ndilo baba alilolichukia. Si kwamba Semboja ni Msambaa na sisi ni Wazigua, ingawa hilo nalo lilisemwa. Baba alisema hivi, mbele ya mama na mbele yangu: "Mimi sitaletewa mwanangu amekufa ndani ya kopo la njano." Akampiga Semboja marufuku kwetu tangu Pasaka.

Sasa kopo la njano limemfia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," Semboja akasema kutoka barabarani, hakukanyaga kiwanja.

"Marahaba. Limekufa?"

"Mpira wa rejeta umepasuka, Mwalimu. Naomba nilisogeze pembeni tu, lisizibe njia ya lori la misheni."

Baba akalitazama gari. Akamtazama Semboja. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Lisogeze nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Tafuta huo mpira, funga, ondoka. Na nisikilize, kijana. Leo likitoka kwangu lisirudi. Wala wewe usirudi. Hapa pasiwe pa kuharibikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mnaona? Siku ile ndiyo iliyokuwa mwisho wetu, umeshatamkwa. Mama akanitazama. Mama yangu Hosiana ana macho ya huruma, na ana kichwa kinachomuuma mara kwa mara. Akanipa kata ya maji, akasema kwa sauti kubwa ili baba asikie, "Yuditha, mpelekee huyo mtu maji ya rejeta!" Halafu kwa sauti ndogo: "Nenda. Mimi nakaa hapa mlangoni nakuona. Usikae upande ambao sikuoni."

Nikaenda. Semboja ameinama ndani ya boneti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akainua kichwa. Jamani, yule mtu akikutazama hutazami pengine! Macho yake yametulia, kama ana muda wote wa dunia, na wewe ndiwe unayeona haya mpaka unatazama chini.

"Umekonda," akasema.

"Ni mchicha."

Akacheka. Nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Yuditha, naliuza."

"Unauza nini?"

"Hili. Kuna mtu wa Manundu analitaka. Tulipatana tukutane hapa sokoni leo. Ndiyo safari yenyewe iliyonileta."

Hapo ndipo niliposema bora aniuze mimi.

"Semboja, wewe una akili? Hili umelijenga miaka mitatu! Umelala chini yake! Uliniambia mwenyewe, kila parafujo unaijua kwa jina!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa baba yako hatanipa mke nikiwa nalo. Na baba yako hasemi uongo, Yuditha. Viti ni viwili. Kimoja changu, kimoja chako. Mtoto nitamweka wapi, juu ya kabureta?"

Nikaona uso wangu unawaka, maana alisema mtoto, hivi hivi, mchana kweupe, mama yangu amesimama mlangoni na mwiko.

"Usinichekeshe," nikasema. "Mimi nakuogopa. Leo unaliuza kwa ajili yangu, unaona ni mapenzi. Kesho unaamka, huna Nyigu, una mimi tu. Unanitazama, unasema, huyu ndiye aliyenikosesha gari langu. Nitakuwa nakupikia huku unanichukia."

"Nikuchukie wewe?"

"Watu huchukia! Nimesoma hayo."

"Umesoma wapi, kwenye kitabu cha hesabu?"

"Semboja!"

Akaweka kiganja juu ya kile kibanda cha bati, taratibu, namna mtu anavyomshika mtoto mwenye homa. Kwa hiyo inamuuma. Inamuuma sana, na hataki nijue.

"Usiliuze," nikanong'ona. "Tutamngoja baba. Atalainika."

"Baba yako amesema leo nisirudi tena. Atalainikia wapi nami sipo?"

Nikabaki nimeshika kata yangu. Akachukua kipande cha ule mpira uliopasuka, akakitia mfukoni kiwe kipimo, akasema anakwenda kwenye maduka ya Wahindi, akikosa ataomba pale wanapotengeneza lori la misheni. Akaondoka. Alipofika kwenye kona ya ghala akageuka kunitazama, na mimi, msomi mzima, nikampungia kata.

Ile kata ina maji bado. Nikajimwagia.

Basi. Nimerudi jikoni, nalia ndani ya mchicha, mama ananipapasa mgongo, tukasikia hodi upande wa barazani.

"Hodi hapa! Hodi kwa wenyewe!"

"Karibu," baba akasema.

Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mtu mnene, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, tarbushi jekundu, fimbo yenye kishikizo cha pembe. Amekaa kitini kama anayekinunua na kiti chenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sikujui."

"Naitwa Mbaruku. Natoka Manundu, Korogwe. Nina duka, nina bucha, na nyumba yangu ni ya bati. Sikutaka kuja mikono mitupu, nimeleta sukari kidogo."

Akaweka sukari mezani. Baba akaitazama ile sukari. Mama akaacha kunipapasa.

"Umetoka mbali, bwana Mbaruku."

"Mwenye shida ndiye hutoka mbali, mzee. Sitakuzungusha. Nimesikia hapa kwako pana chombo."

Mama yangu akanifinya mkono mpaka nikakaribia kupiga kelele.

Kwetu, nyinyi mnajua, mtu akija kuposa hataji msichana. Ataje nini, hana adabu? Atasema amesikia hapa pana ua, au pana jiko, au mbuzi wake amepotea na nyayo zimeishia hapa. Mwenye nyumba anaitikia hivyo hivyo kwa mafumbo, mpaka waelewane. Kwa hiyo baba alielewa, mama alielewa, na mimi nikaelewa. Mtu mwenye bucha!

Tulikuja kujua baadaye kwamba Mbaruku hana fumbo lolote. Ni mfanyabiashara tu. Yeye maisha yake yote hataji kitu anachokitaka kununua, hata kama ni kuku, kwa kuwa anasema ukikitaja kinapanda bei.

Baba akajikohoza. "Chombo kipo. Nani amekwambia?"

"Mzee, chombo kile nani asiyekijua? Kikipita Korogwe, watu wanaacha chai inapoa! Mimi mwenyewe kimenipita barabarani si mara moja, nikabaki nimekodoa macho, nakula vumbi. Nikarudi nyumbani nikawaambia wake zangu, lazima nikipate."

"Wake zako."

"Ninao wawili."

"Na hawakukukataza?"

"Wanikataze? Mke mkubwa ndiye anayenisukuma! Kasema, 'Kilete, majirani wakome.'"

Kule jikoni mama akasema neno la Kizigua ambalo mimi silitafsiri.

"Bwana Mbaruku," baba akasema, na nikajua sauti ile, ni sauti ya Ijumaa Kuu, "nyumba hii ni ya Wakristo."

"Hapana neno, mzee. Chombo hakina dini. Dini anayo anayekishika."

Baba akatazama mahubiri yake kama mtu anayetafuta mstari wa kumsaidia.

"Nilisikia kilikuwa kwa Wazungu," Mbaruku akaendelea, amechangamka. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Kimekaa kwa Wazungu."

"Walikitunza?"

"Walikitunza sana. Kwa adabu na kwa utaratibu."

"Hapo sina shaka. Mzungu ana matunzo. Shaka yangu ni baada ya pale." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti, lakini mtu mnene hawezi kunong'ona. "Yule kijana. Semboja."

Nikashika ukuta.

"Semboja amefanya nini?" baba akauliza.

"Mzee, Korogwe nzima inajua. Amekichezea."

"Ame... nini?"

"Amekichezea! Tena kabisa! Kilivyotoka kwa Wazungu sivyo kilivyo leo. Ukikitazama juu juu unaweza kudanganyika, lakini ndani, mzee, ndani hakuna alichokiacha. Kila kitu amekigusa."

Mama akanigeukia, macho yametoka. "Yuditha?"

"Mama, haki ya Mungu!" nikanong'ona. "Hata kidole! Mwaka mzima hata mkono hajanishika ila kwa salamu!"

"Mimi simlaumu," Mbaruku alikuwa anasema, "ni ujana, na ana kipaji. Wala kwangu hakipungui thamani. Ndivyo hasa ninavyokitaka, kiwe kimechezewa! Ninachoomba ni ruhusa yako tu. Nikione kwanza, halafu nikizungushe kidogo, mpaka Kideleko na kurudi. Mtu hanunui bila kujaribu."

Kiti cha baba kikaanguka.

Mimi baba yangu namjua. Akikasirika hupiga kelele, na kelele zake zinapita kama mvua ya mchana. Lakini hakupiga kelele. Alisimama pale, mrefu, mwembamba, karatasi za mahubiri mkononi, akasema polepole.

"Bwana Mbaruku. Hujanywa hata maji yangu, kwa hiyo sijamvunjia mgeni heshima nikikwambia umesema uongo. Yule kijana gari lake silipendi. Mwendo wake siupendi. Lakini hajachezea kitu cha mtu."

"Mzee, mimi nimeambiwa na..."

"Nasema mimi. Nilimkataza asikanyage hapa tangu Pasaka, hakukanyaga mpaka leo nilipomruhusu mwenyewe. Nani kijana wa siku hizi anakatazwa akasikia? Na nikwambie jambo moja. Mke wangu anaumwa kichwa. Yule kijana akija kutoka Korogwe na lile dudu lake, akifika pale juu penye mwinuko, anazima injini. Analiacha literemke lenyewe, kimya, linapita mbele ya nyumba yangu kama mtu anayepita msibani. Mpaka kule chini kwenye daraja ndipo anapowasha. Kila safari. Hakuna aliyemwomba. Yeye anadhani sijui. Mimi nakaa hapa hapa, naweka kitabu chini, nangoja aliwashe tena salama, ndipo nageuza ukurasa."

Nikamtazama mama. Mama machozi yanamtoka. Kumbe naye hakujua! Sote tulidhani Nyigu limeacha kupita, tukasema Semboja ametusahau, nami nikalilia mto. Kumbe lilikuwa linapita limefumba mdomo.

"Mtu anayezima injini ili mwanamke mgonjwa apate kupumzika," baba akasema, "ndiye anayechezea watoto wa watu? Chukua sukari yako. Chombo hiki kina mwenyewe. Mwenyewe ni huyo huyo Semboja. Yeye sijamwambia, lakini wewe nakwambia."

Mnanisikia, wenzangu? Alisema! Alisema kwa kinywa chake! Nikaruka, nikapiga kichwa kwenye rafu ya sufuria.

Mbaruku naye akasimama, amechukia. "Sasa mzee, kelele za nini? Mimi sijui kwamba mwenyewe ni Semboja? Si ndiye anayekiuza!"

"Anakiuza?"

"Anakiuza! Kaniambia mwenyewe pale Manundu, 'Njoo Handeni ukione.' Nimemngoja sokoni hakutokea, nikauliza, nikaambiwa chombo chake kimeonekana kikisukumwa huku kwako."

"Kikisukumwa," baba akarudia.

"Na bei kanipunguzia, kwa sababu ana haraka. Anataka kuoa."

"Anakiuza... ili aoe?"

"Ndiyo!"

"Aoe nani tena?"

"Mimi nitamjuaje, mzee? Binti wa mwalimu mmoja wa huku, mkali kama pilipili, eti mwalimu mwenyewe hapendi gari."

Karatasi za mahubiri zikashuka mkononi mwa baba.

"Hapendi nini?" baba akauliza.

"Gari."

Baba akageuza shingo, kidogo kidogo, akatazama pembeni ya nyumba, pale ambapo pua ya njano ilikuwa imechomoza kwenye kivuli. Akaitazama muda mrefu.

"Bwana Mbaruku. Hicho chombo unachokitaka wewe. Kina magurudumu?"

"Mzee! Kitakosaje magurudumu?"

Mama yangu, mwanamke wa kanisa, akakaa chini jikoni palepale, akajifunika uso kwa khanga, akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya kichwa chake. Mbaruku akasikia kicheko. Akatazama mlango, akaniona mimi nimekodoa macho kwenye upenyo, akamtazama baba, akaitazama sukari. Taratibu, tarbushi likamtoka kichwani, akalishika kifuani.

"Lo! Mzee wangu! Na mimi nikasema nikizungushe mpaka Kideleko!"

"Ulisema."

"Na wake zangu!"

"Nao uliwataja."

Mbaruku akaanza kucheka, tumbo likatikisika, akapiga mapaja. Baba hakucheka. Aliokota kiti chake, akakaa, akakunja karatasi.

"Yale niliyoyasema," akaanza, "niliyasema kwa hasira. Nilikuwa nasema juu ya..."

"Ah, mzee," Mbaruku akamkatiza, "mimi mfanyabiashara. Neno likishatoka mbele ya shahidi, bei haibadiliki."

"Tumesikia wote!" mama akaita kutoka jikoni.

Na hapo Semboja akatokea kwenye kona ya ghala, jasho, mpira wa rejeta begani kama nyoka aliyeuawa. Akamwona Mbaruku. Akaona baba amekaa namna ile. Akasimama barabarani, palepale pa kila siku.

"Mwalimu, samahani. Mgeni wangu amekusumbua. Nafunga huu mpira sasa hivi, tunaondoka."

Baba akaweka karatasi mezani. "Kijana. Ni kweli unaliuza?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Kwa sababu yangu?"

Semboja akatafuta maneno. Nilimwona. Angeweza kusema ndiyo, angemfanya baba aone haya, na lingekuwa neno la haki.

"Hapana, Mwalimu. Kwa sababu ya Yuditha. Wewe ulisema tu kile ambacho mimi nilikuwa sitaki kukisema."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Funga mpira," akasema. "Kisha mwonyeshe mgeni chombo chake. Mpaka Kideleko na kurudi."

Wakaenda. Jamani, mngemwona Mbaruku anaingia ndani ya Nyigu! Aliingia kwa vipande, mguu, tumbo, mguu wa pili. Semboja akawasha, nyumba ikatetemeka, mbuzi wakakata kamba. Safari hii hakuzima mahali. Tukalisikia linapanda, linalia, linapungua, kisha linarudi kama ngurumo. Waliporudi Mbaruku hana tarbushi, nywele zote zimeelekea nyuma, na anacheka kama mtoto aliyetolewa jando.

"Nalichukua!" akapiga kelele. "Nalichukua hivi lilivyo! Lakini kijana, hebu niambie. Likiharibika?"

"Utamwona fundi."

"Fundi gani? Nimefungua macho huko ndani, sijaona kitu kilichokaa mahali pake! Hakuna fundi kati ya hapa na Tanga atakayejua uliunganisha nini na nini. Kuna uwanja wangu ubavuni mwa duka pale Manundu, umekaa bure, nimewekea magunia. Njoo uweke vyombo vyako pale. Hili ulitunze, na mengine ya watu utengeneze. Kodi tutaelewana. Ukikataa, sinunui."

Semboja akanitazama mimi, si yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni wazi kabisa, sijifichi tena. Nikatikisa kichwa juu chini, juu chini, mpaka kilemba kikalegea.

Wakashikana mikono. Mbaruku akaingia tena, akajifunza gia mbele ya macho yetu, akaliunguza klachi, Semboja akafumba macho kwa uchungu. Likaondoka kwa kurukaruka, likanyooka, likapotea. Semboja akabaki barabarani, mikono mitupu, anasikiliza mpaka mwisho kabisa.

Nikamsogelea, hatua kadhaa tu, mama ananiona.

"Inauma?"

"Inauma," akasema. Hakuficha. Kisha akageuka, yale macho yake yakanishukia yote mawili, yana maji, yanacheka. "Lakini gia ya pili ilikuwa inakwama. Sikuwaambia watu. Wewe nitakuambia kila kitu."

"Na utanichukia?"

"Nikipata nafasi, nitajaribu."

Ningempiga na mwiko. Sikuwa nao.

"Semboja!" baba akaita kutoka barazani.

Tukashtuka kama wezi. Baba amesimama, ameshika mlango wa nyumba kwa mkono mmoja, ameufungua wote. Ule mlango haukuwahi kufunguliwa mbele ya Semboja.

"Mshenga utamtuma baadaye, na wazee wako wa milimani watakuja kwa utaratibu. Sitaki njia ya mkato. Lakini kwa leo usisimame juani. Karibu ndani."

Semboja akavuka. Akakanyaga kiwanja cha mbele, akakanyaga ngazi, akainama mlangoni. Na mama yangu, aliyekuwa anatoka jikoni na kikombe cha maji ya mgeni, wakakutana uso kwa uso katikati ya chumba.

Jana mama angempa maji, amuulize habari za Dindira. Leo akapiga yowe dogo. Kikombe akakiacha mezani, khanga akaivuta mpaka puani, akageuka, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Maana kwetu mama hasimami uso kwa uso na mkwewe. Na Semboja, bila kuambiwa, akageuza uso wake ukutani, akauinamisha, akangoja nyayo zipotee.

Baba akajifanya anatafuta miwani, nayo iko usoni.

Mimi nilikimbilia dirishani. Mama alikuwa anakatiza shambani, mwanamke mzima wa kichwa kibovu, ameshikilia khanga, anaruka matuta, anacheka peke yake. Sijapata kuona katika maisha yangu kitu kizuri kama kisogo cha mama yangu, kikiingia kwenye mihogo, kikimkimbia Semboja.